Sina bima ya afya: dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI nitaipataje?

Barua nyingi zilizonifikia katika wiki za karibuni zimeandikwa na wanawake, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, mtu asiye na bima anaweza kupata dawa ya kumkinga asiambukizwe virusi vya UKIMWI? Nimechagua barua nne. Majina nimeyaacha, na lolote ambalo lingeweza kumtambulisha mwandishi nimeliondoa.

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Nina umri wa miaka 34, nimeolewa, nina watoto watatu na ninaishi kwa kushona nguo. Mume wangu hufanya kazi mbali na hurudi nyumbani kila baada ya miezi kadhaa. Nina sababu za kuamini kwamba ana wanawake wengine, na neno kondomu hataki hata kulisikia. Niliposikia kwamba ipo dawa ambayo mtu mzima wa afya anaweza kuimeza ili asiambukizwe, nilikwenda kituo cha afya nikapanga foleni. Nilipofika dirishani karani akaniuliza, «Bima yako ni ipi?» Nikamjibu kwamba sina. Akanitajia kwa sauti bei ya kumwona daktari na bei ya vipimo, watu nyuma yangu wakisikiliza, nikaondoka. Je, dawa hii ni ya wenye bima peke yao?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyokupata. Dawa hii si ya wenye bima peke yao, na katika nchi nyingi haipitii kwenye bima kabisa. Dawa kinga, ambayo wahudumu wengi huiita PrEP, hutolewa chini ya mpango wa taifa wa kupambana na UKIMWI, pamoja na vipimo vya virusi na dawa za kufubaza virusi, kwa fedha za serikali na za wafadhili kama vile Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani wa PEPFAR. Karani uliyemkuta kazi yake ni kuuza kadi ya kumwona daktari. Chumba kinachotoa dawa kinga mara nyingi kiko upande wa pili wa ua huohuo, na anayeingia humo haulizwi habari za bima. Ulitajiwa bei ya huduma ambayo hukuwa umeifuata.

Kwa hiyo rudi, lakini safari hii useme maneno haya: «Nimekuja kupima virusi vya UKIMWI, na nataka kuzungumza na mshauri kuhusu dawa kinga.» Ukiona haya kuyatamka mbele ya foleni, yaandike kwenye kikaratasi nyumbani, kisha umpe karani akisome mwenyewe. Nimewaona wanawake wakifanya hivyo, na nimeona namna karani anavyoshusha sauti mara tu anaposhika karatasi ile. Kama kituo hicho hakitoi huduma hii, jaribu kliniki ya uzazi wa mpango, kwa sababu wauguzi wa huko huzungumza na wanawake kuhusu kinga kila siku, na hakuna jirani atakayeshangaa kukuona umeketi kwenye benchi lao.

Zipo pia nchi ambako huduma nyingi za afya hulipiwa na bima, na huko asiye na bima hupata taabu zaidi. Mfano ni Marekani. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kinga nchini humo liliipa dawa hii daraja la juu kabisa la mapendekezo, na kwa sababu hiyo kampuni za bima zikatakiwa kuilipia bila kumtoza mgonjwa. Uamuzi huo ulikuwa mwema, lakini aliyefaidika nao ni yule aliyekuwa na bima tayari. Asiyekuwa nayo hutegemea vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, mipango ya watengenezaji dawa ya kuwasaidia wasio na bima, na vidonge vya bei nafuu vinavyotengenezwa na viwanda vingine baada ya hakimiliki ya dawa ya kwanza kwisha. Ukiwa katika nchi ya namna hiyo, usikubali kutajiwa bei moja ya jumla. Uliza ada ya kumwona mtoa huduma ni kiasi gani, vipimo ni kiasi gani, na kidonge chenyewe ni kiasi gani, kila kimoja peke yake. Mara nyingi kidonge ndicho kilicho rahisi kuliko vyote, na kinachomkimbiza mwanamke ni ada na vipimo, ambavyo ndivyo hasa ofisa wa ustawi wa jamii ana uwezo wa kukuombea msamaha.

Kuhusu vipimo, ni vyema ujue kipi ni sharti na kipi si sharti. Kipimo cha virusi vya UKIMWI ni lazima, kwa sababu mtu aliyekwisha kuambukizwa akipewa dawa kinga badala ya matibabu kamili, virusi vyake vinaweza kujenga usugu. Kipimo hicho hutolewa bure mahali pengi na majibu hupatikana kwa dakika chache. Kipimo cha figo ni jambo jingine. Kwa mtu aliye chini ya miaka 50, asiye na kisukari, shinikizo la damu wala ugonjwa wa figo, Shirika la Afya Duniani halikifanyi kuwa sharti la kuanza dawa. Kipimo cha homa ya ini aina ya B kinafaa sana kufanywa, kwa kuwa tenofoviri iliyomo katika kidonge hiki hutibu pia homa hiyo, na mwenye nayo akiacha dawa ghafla ini linaweza kuchafuka. Hata hivyo, kukosekana kwa kipimo hicho siku ya kwanza si sababu ya kukurudisha nyumbani mikono mitupu.

Huhitaji ruhusa ya mume wako wala huhitaji kumleta. Wala si lazima ujieleze mpaka uaibike. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu anayeiomba dawa hii mwenyewe apewe kipaumbele, kwa kuwa anayeiomba kwa kawaida anaijua hatari inayomkabili kuliko mtu mwingine yeyote. Muuguzi akikuambia kwamba dawa hii ni ya wanawake wanaouza miili yao, basi ameikosea kazi yake, na una haki ya kuomba kuonana na mkuu wake.

Kumbuka tu kwamba dawa hii haizuii mimba wala magonjwa mengine ya zinaa, na kwamba inaweza kutumika pamoja na njia yoyote ya uzazi wa mpango.

SWALI: Mama Mshauri, nilikuwa na kazi yenye bima, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikichomwa sindano ya kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, iitwayo kabotegraviri, kila baada ya miezi miwili. Mwezi uliopita tulipunguzwa kazini na bima imekwisha. Sindano inayofuata ninapaswa kuchomwa baada ya wiki tatu, na bei niliyotajiwa siiwezi hata nikiuza vyombo vya ndani. Nimefikiri niache tu, nikipata kazi nitaendelea. Je, kuna ubaya?

JIBU: Dada yangu, ubaya upo, na nakuomba usome aya hii mara mbili. Sindano ya kabotegraviri haimaliziki mwilini siku ile miezi miwili inapotimia. Dawa hupungua polepole, na mabaki yake yanaweza kukaa mwilini mwaka mzima au zaidi. Kiasi hicho kinachobaki hakitoshi kuzuia maambukizi, lakini kinatosha kuvifundisha virusi namna ya kuishinda dawa. Mtu akiambukizwa katika kipindi hicho, virusi vyake vinaweza kuwa sugu kwa dawa za kundi hilo, nalo ndilo kundi lenye dawa zinazotegemewa zaidi leo katika matibabu. Kuacha kimyakimya, kwa mtu ambaye bado yuko katika hatari, ndilo jambo baya kuliko yote yaliyo mbele yako.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuipata sindano ile ili uendelee kulindwa. Unaweza kuhamia kwenye kidonge cha kila siku chenye tenofoviri na emtrisitabini, ambacho kiliidhinishwa kwa kinga huko Marekani mwezi Julai mwaka 2012 na leo hutengenezwa na viwanda vingi kwa gharama ndogo mno ukiilinganisha na sindano. Kinachotakiwa ni kuanza vidonge kabla wiki nane hazijapita tangu uchomwe sindano ya mwisho, yaani ndani ya hizo wiki tatu ulizonazo. Wiki tatu zinatosha, mradi uanze kesho na si wiki ya mwisho. Nenda kwanza kule ulikokuwa ukichomwa sindano ukaombe maandishi yanayoonyesha tarehe ya sindano ya mwisho na majibu ya kipimo chako cha mwisho cha virusi, kwa sababu karatasi hiyo itakuepusha kulipia upya mambo yaliyokwisha kufanywa. Kisha ipeleke kwenye kituo cha umma na ueleze wazi kwamba umepoteza bima na tarehe yako inakaribia. Tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi humsukuma mhudumu kuliko maelezo marefu.

Kwa msomaji ambaye bado ana bima lakini ameshapewa barua ya kuachishwa kazi: kabla siku ya mwisho ya bima haijafika, omba uandikiwe dawa za miezi mitatu kwa mara moja, na ufanye vipimo vyote unavyodaiwa wakati bado vinalipiwa.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kuhusu sindano mpya ya mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni lenakapaviri, ambayo huchomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya miezi sita na kuanzishwa kwa vidonge vya siku mbili za kwanza. Katika utafiti wa PURPOSE 1, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda miongoni mwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, hakuna hata mmoja kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo aliyeambukizwa. Mimi nimekaa katika kazi hii miaka mingi, na niliposoma matokeo hayo mwaka 2024 nilinyamaza kwa muda, nikiwafikiria wanawake ambao kidonge cha kila siku kiliwashinda kwa sababu ya nyumba walizomo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza sindano hiyo mwezi Julai mwaka 2025, na likakubali pia kwamba vipimo vya kawaida vya haraka vinatosha kwa watumiaji wa sindano, jambo linaloondoa gharama ya vipimo vya maabara kubwa.

Lakini bei yake inaumiza. Huko Marekani bei iliyotangazwa ni zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, wakati ambapo makubaliano yaliyotangazwa mwezi Septemba mwaka 2025 yanataka dawa hiyohiyo, ikitengenezwa na viwanda vya India, iuzwe kwa takriban dola 40 kwa mwaka katika nchi 120 za kipato cha chini na cha kati kuanzia mwaka 2027. Brazili, ambako watu walijitolea kushiriki katika majaribio ya dawa hii, haimo kati ya hizo 120. Mimi naona hilo ni kosa, na sioni sababu ya kulisema kwa upole. Hadi dozi zitakapoongezeka, nchi zinazopokea sindano hii kupitia Mfuko wa Dunia na PEPFAR zitakuwa na orodha za watu wanaotangulizwa. Ulizia kama jina lako linaweza kuingia, lakini meza kidonge huku ukisubiri.

SWALI: Shikamoo mama. Ninanyonyesha mtoto wa miezi mitano. Baba yake aligundulika kuwa na virusi miezi miwili iliyopita na ameanza dawa; mimi nilipimwa nikakutwa salama. Jirani mmoja aliniambia kwamba vidonge vya kinga havifanyi kazi kwa wanawake, na kwamba vinaharibu maziwa. Bima sina, wala mume wangu hana. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nampongeza baba wa mtoto kwa kuanza dawa bila kuficha. Akiendelea kuzimeza bila kukosa, kiasi cha virusi katika damu yake kitashuka hadi kisionekane kwenye vipimo, na akifika hapo hatakuambukiza kwa njia ya kujamiiana. Safari hiyo huchukua miezi, na wewe unahitaji kulindwa katika miezi hiyo, hasa kwa kuwa unanyonyesha: mama anayeambukizwa wakati wa kunyonyesha huwa na virusi vingi sana mwilini katika wiki za mwanzo, na mtoto huwa katika hatari kubwa wakati huohuo. Dawa kinga ya vidonge inaruhusiwa kwa mjamzito na kwa anayenyonyesha. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno, na haiharibu maziwa.

Maneno ya jirani yako yana asili yake, kwa hiyo simlaumu. Kulikuwa na tafiti mbili kubwa miongoni mwa wanawake wa Afrika, moja ikiitwa FEM-PrEP na nyingine VOICE, ambazo hazikuonyesha kinga yoyote, na habari hiyo ilisambaa. Kilichosambaa kidogo ni sababu yake. Wanasayansi walipopima damu za washiriki walikuta kwamba wengi wao hawakuwa na dawa mwilini. Walikuwa wakichukua makopo kliniki lakini hawamezi. Katika utafiti wa Partners PrEP uliofanyika Kenya na Uganda miongoni mwa wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, kama ninyi wawili, kidonge hichohicho kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, na kwa waliokuwa na dawa katika damu kinga ilikuwa kubwa zaidi.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba mwili wa mwanamke hausamehi uzembe katika jambo hili. Dawa hujikusanya kwa kiasi kidogo zaidi katika kuta za uke kuliko katika njia ya haja kubwa, ndiyo maana ule utaratibu wa kumeza vidonge kabla na baada ya tendo, uliopendekezwa kwa baadhi ya wanaume, haukufai wewe. Meza kimoja kila siku, kwa angalau siku 7 kabla ya kuhesabu kuwa umelindwa; wataalamu wa Marekani hutaja hadi siku 21, na mimi hupenda kuwashauri wanawake watumie kondomu mpaka hizo 21 zitimie. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa vikija, kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache.

Wanawake wengi wanaoacha dawa hawaachi kwa sababu ya kichefuchefu. Huacha kwa sababu ya sauti. Kopo lenye vidonge 30 hulia ndani ya mkoba kama kayamba, na kwa kuwa linafanana na makopo ya dawa za kufubaza virusi, wifi au mama mkwe akilisikia mara moja tu, hukumu imeshatoka. Mama mmoja alinionyesha namna alivyojaza pamba juu ya vidonge mpaka kopo likanyamaza kabisa. Fanya hivyo ukihitaji, ila usivitoe vidonge na kuvifunga kwenye karatasi, na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kiache humo ndani.

Kuhusu malipo, nenda kliniki ileile unakompeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, fedha za PEPFAR ziliposimamishwa na kisha kurudishwa kwa sehemu, wajawazito na wanaonyonyesha ndio walioruhusiwa kuendelea kupewa dawa kinga kwa fedha hizo. Ninasikitika kwamba wanawake wengine waliachwa nje, lakini wewe uko ndani ya kundi hilo, basi usisite kusema wazi kwamba unanyonyesha. Ukishindwa kabisa na kidonge, uliza kama kuna pete ya dapivirini, ambayo mwanamke hujiwekea mwenyewe ukeni na kuiacha humo siku 28. Kinga yake katika majaribio ilikuwa takriban theluthi moja, ndogo kuliko ya kidonge kinachomezwa vizuri, kwa hiyo sikuanzishii hiyo.

SWALI: Mama, juzi usiku mwanamume nisiyeijua hali yake ya afya alinilazimisha. Sina bima na naogopa gharama za hospitali. Nianze zile dawa kinga?

JIBU: Mwanangu, kilichokupata ni uhalifu na si kosa lako. Barua yako ilinifikia siku tisa baada ya tarehe uliyoiandika, na hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu dawa uliyoihitaji siku ile ni nyingine. Inaitwa PEP, huanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Kwa kuwa saa hizo zimepita, nenda ukapimwe sasa, kisha urudie baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu. Ukipata homa, vidonda vya koo, vipele au tezi zilizovimba katika wiki hizi, mwambie mhudumu kabla hajakupa dawa kinga yoyote. Omba pia kupimwa mimba na magonjwa mengine ya zinaa. Nimekuandikia faraghani kwa anwani uliyoiacha, pamoja na mambo ambayo hayafai kuchapishwa hapa.

Kwa msomaji mwingine yeyote ambaye jambo hili litampata: usiandike barua kwanza, wala usingoje asubuhi ili ukatafute fedha. Nenda kwenye kitengo cha dharura cha hospitali ya umma iliyo karibu nawe, saa yoyote, na useme mambo mawili tu: kwamba umebakwa, na ilikuwa saa ngapi. Dozi ya kwanza isingoje majibu yote ya maabara, isingoje karatasi ya polisi, na isingoje malipo. Akitokea mtu wa kukuambia ulete bima kwanza, mwombe aandike jina lake na saa aliyokukatalia, kisha mwite daktari wa zamu.